Mapigo Sabini na Mawili

Matroni alikuwa akisema kwamba saa isiyo na mshale wa sekunde si saa, ni bangili. Aliyasema hayo dukani mbele ya mwenye duka, aliyasema kanisani akiwa ameshika mkono wa bibi harusi aliyekuwa akionyesha zawadi yake, na mara moja aliyasema matangani, kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye mkono wa mhubiri. Nilikaa naye kiwanja kimoja kwa miaka sita, nyuma ya maduka ya Adams Arcade, yeye katika nyumba kubwa ya vigae na mimi, mpangaji wake, katika chumba cha uani kilichotazamana na banda la kuku wake. Sikuwahi kumwita kwa jina. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mama wa kuuza sukuma wiki pale kwenye kona alisema Matroni, ingawa alikuwa amestaafu kazi ya uuguzi kabla mimi sijahamia huko.

Mkono wake wa salamu ulikuwa na ujanja. Ulimpa wako, akaushika, na kabla hujamaliza kujibu habari za asubuhi vidole vyake viwili vilikuwa vimeshateleza hadi kwenye mshipa. Kwa salamu hakuhitaji saa. Alikuwa akionja tu, kama mpishi anavyoonja mchuzi. "Umelala vibaya," angesema. Ama, "Wewe umekunywa kahawa, na nilikukataza." Muuza maziwa aliacha kabisa kumpa mkono, akawa anamwinamia kwa mbali na kuweka chupa kwenye ngazi, kwa sababu kuna siku Matroni alimgundua kwamba ametoka kugombana na mkewe, akamrudisha nyumbani akaombe msamaha kabla ya kuendelea na kazi. Mtaa mzima ulimwogopa kidogo na kumpenda sana, na mimi nilikuwa mtu wa mtaa.

Saa aliijaribu hivi. Aliilaza mezani, akaweka vidole vya mkono wa kulia juu ya mshipa wa mkono wake wa kushoto, akangoja mshale wa sekunde ufike juu, kisha akahesabu mapigo ya moyo wake dakika nzima. Si robo dakika ukazidisha mara nne. Hiyo aliiita hesabu ya wavivu. Mshale ukirudi juu alitakiwa awe amefika sabini na mbili. Akifika hapo, saa ilikuwa nzima. Akipita, saa ilikuwa inachelewa. Akipungukiwa, ilikuwa inakimbia.

Nilipomuuliza kwa nini asilinganishe tu na redio wakati wa taarifa ya habari, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakunywa maji.

"Moyo wangu ni sabini na mbili tangu nikiwa student," alisema. "Siku tulizika bwana yangu ilikuwa sabini na mbili, nilihesabu nikiwa hapo kwa kaburi. Redio inaharibika. Stima inapotea, taa zinazima. Hii moyo haijawahi."

Bila shaka alitia chumvi. Lakini nilimwona akihesabu mara nyingi, kwenye saa za watu wengi, na saa alizozipitisha zilidumu. Ndiyo maana likawa jambo la kawaida mtaani kwetu kwamba mtu akipata kazi, au akitaka kumnunulia mchumba saa, Jumamosi asubuhi alikuja kugonga lango la Matroni. Naye alivaa koti lake la buluu, akatwaa mkoba, akaenda mjini kuupeleka moyo wake kazini.

Mtu aliyezipima dakika namna hiyo ungedhani alikuwa na haraka. Hakuwa nayo. Kanisani tulifika kila Jumapili kwenye wimbo wa pili. Tungekuwa tumeshafunga mlango, nami nimeshika vitabu vya nyimbo, halafu yeye angesimama langoni akitazama ukungu unavyotambaa upande wa Barabara ya Ngong, kimya, kikombe bado mkononi. Niliposema tunachelewa alinijibu, "Dakika ni za wagonjwa. Watu wazima wako na siku mzima." Hospitalini alikuwa ameandika saa za Kizungu kwenye kadi za wagonjwa miaka yote, nyumbani alihesabu saa za Kiswahili kuanzia jua lichomozapo, na katikati ya hizo mbili alikuwa na saa yake ya tatu, ya kutazama ukungu, ambayo haikuwa na namba.

Saa yake mwenyewe aliitundika kifuani, kwa pini, upande wa moyo. Ni zile saa za wauguzi zinazoning'inia kichwa chini, ili mwenyewe akiinama aione imekaa sawa. Fedha yake ilikuwa imeshageuka kijivu. Aliitia ufunguo kila asubuhi baada ya sala, mizunguko kumi na miwili, akiwa amefumba macho, nami nilizoea kumsikia kupitia dirisha la jikoni. Mpaka leo nikisikia kitu kidogo kinazungushwa, hata kifuniko cha chupa, naiona ile bustani yenye umande na kuku wakinyoosha shingo.

Alikuwa na saa nyingine, ambayo hakuivaa. Ilikaa sebuleni kwenye kabati la vioo, katika sanduku lake lililofunguliwa, kati ya vikombe vya wageni. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, nyembamba kama biskuti, uso mweupe usio na namba hata moja, mishale miwili tu. Walimpa siku ya kumuaga kazini. "Miaka thelathini na moja nahesabia watu pulse," aliwaambia wageni, "halafu wananipa bangili." Wageni walicheka. Lakini mimi niliyeingia humo siku za juma niliona jambo ambalo wageni hawakuliona: kila Ijumaa aliifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, na aliifuta muda mrefu kuliko vikombe.

Saa yangu tuliinunua mwaka wa pili. Nilikuwa nimepata kazi ya uhazili katika ofisi ya wakili, ghorofa ya pili, si mbali na mahakama. Mwajiri wangu alikuwa mtu mwema ila mwenye kupenda mambo yapendeze, na aliniambia siku ya kwanza kwamba mteja akiingia, kitu cha kwanza anachoona ni mikono ya mhazili kwenye kibodi. Nikaanza kuitazama mikono yangu. Nikaiona mitupu.

Kwenye njia ya ndani ya maduka karibu na Mtaa wa Biashara kulikuwa na duka la saa, na dirishani mwake kulikuwa na saa moja. Uso wake ulikuwa wa rangi ya maziwa yaliyopikwa, mkanda mwembamba wa ngozi ya kahawia, mishale miwili iliyochongoka. Mchana mwanga wa njia ile huingilia juu, kwenye vioo vya paa, ukashuka taratibu na kukaa juu ya vitu. Kwa mwezi mzima nilikula mkate wangu nikiwa nimesimama pale. Nilijiona nikiivaa, nikinyanyua simu, nikigeuza kurasa. Katika ndoto hizo hata uandishi wangu ulikuwa mzuri zaidi.

Jumamosi moja nikamchukua Matroni. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyelirithi duka lile kutoka kwa babu yake, mtu wa stuli ndefu na kioo cha kukuzia kilichokaa kwenye paji la uso hata alipokuwa hakitumii. Yeye na Matroni walifahamiana kwa miaka mingi na waligombana kwa raha. Alimwita Mama, Matroni alimwita Kijana, ingawa mvi zao zilikuwa sawasawa.

"Kijana, toa hiyo msichana anataka."

Akaitoa, akailaza juu ya kitambaa cha mahameli. Matroni aliitazama kwa kitambo. Nilimwona akiipenda. Halafu akakunja uso.

"Mshale ya sekunde iko wapi?"

"Mama, hii ni saa ya kupendeza. Ya kupendeza haina sekunde. Mtu ya ofisi ataka sekunde ya nini?"

"Atajuaje kama inatembea?"

"Atangoja dakika moja, ataona."

"Na kama hana dakika moja?"

Mwenye duka akacheka, akashusha kioo chake jichoni, akaifungua ile saa mgongoni. Kisha akafungua na nyingine ambayo Matroni alikuwa ameshaielekezea kidole: ya chuma, ya mviringo, nene kidogo, namba zote kumi na mbili nyeusi tititi, na mshale mwekundu wa sekunde. Ilikuwa saa ya mwalimu wa hesabu. Akanipa kioo nitazame mwenyewe. Ndani ya ile niliyoitaka kulikuwa na kitu kidogo cheusi cha plastiki, kimezungukwa na nafasi tupu. Ndani ya ile ya chuma kulikuwa na magurudumu ya shaba yaliyosogea polepole, moja likimpokea mwenzake.

"Sasa mimi nasema kweli kwa sababu Mama iko hapa," alisema mwenye duka. "Hii ya maziwa, uso ni ya malkia. Tumbo ni plastiki. Ikikufa, fundi hawezi, unatupa."

"Lakini watu wataona uso," nilisema. "Nani ataona tumbo?"

"Wewe ndiye utaishi nayo," Matroni alisema. "Mgeni anaona uso dakika moja anaenda."

Akahesabu kwa ile ya chuma. Tulinyamaza sote, duka zima, hata mteja aliyekuwa nyuma yetu. Sabini na mbili. Nikainunua, na nasema wazi kwamba niliinunua kwa uchungu. Nilipotoka niligeuka kuitazama ile nyingine, imerudishwa dirishani, mwanga umekaa juu yake kama kawaida. Mwaka mzima wa kwanza niliificha yangu chini ya mkono wa sweta wakati wa kuchapa, na mwajiri wangu hakusema kitu, jambo lililoniuma kuliko kama angesema.

Labda Matroni aliliona hilo. Jioni moja aliniita jikoni, akavuta kiti, akaniambia si vizuri ule mshale mwekundu kuzunguka bure. Akanifundisha kuhesabu. Nilijifunza kwenye mkono wake, kwenye mkono wangu, na siku moja kwenye shingo ya kuku, tukacheka hadi machozi.

"Usitumie kidole gumba," alinionya. "Hicho kiko na mshipa yake. Utasikia moyo yako ufikirie ni ya mgonjwa. Na usifinye. Weka tu, ungoje ikujie."

Ilikuwa ikinijia. Chini ya ngozi yake laini ya uzee mapigo yalikuja moja moja, yameachana sawasawa, kama hatua za mtu anayejua njia ya kwao. Baada ya jioni kadhaa za namna hiyo nikaacha kuificha saa yangu. Niliipenda, na siwezi kusema ni siku gani hasa nilianza. Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa shuleni, na sikuwa nimeshikwa mkono muda mrefu hivyo na mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka. Mwaka wetu wa tano, Matroni alianza kuitilia shaka saa yake ya kifuani. Alisema inachelewa. Siku ya pili akasema inakimbia. Akampelekea fundi wa pale Adams, aliyeifungua, akaisafisha, akairudisha na kusema haina neno. Matroni akahesabu tena, akaitia katika mkebe wa vifungo na kuufunga. Saa iliyokaa juu ya moyo wake kazini miaka yote ile, akaifungia na vifungo vya mashati.

Tukaanza kwenda mjini kila Jumamosi. Alinunua saa, akaijaribu siku mbili, Jumamosi iliyofuata tukairudisha. Saa nne tulizirudisha kwa namna hiyo. Mwenye duka alizipokea bila neno, ingawa alianza kumtazama Matroni kwa namna nyingine. Kulikuwa na mambo mengine pia, na niliyaona bila kuyaona. Alisimama katikati ya ngazi, mkono ukutani, akitazama maua. Alikaa langoni na ukungu wake mpaka chai ikapoa. Mimi nilidhani ni yale yale mawazo yake ya siku zote, na nikamwacha ayafaidi.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa Julai, baridi imelala juu ya mji, na taa za duka zilikuwa zimewashwa mchana. Mwenye duka alizitwaa saa tatu, akazirekebisha pamoja, akazilaza bega kwa bega juu ya mahameli. Mishale mitatu ya sekunde, mmoja mweusi, mmoja mwekundu, mmoja wa fedha, ikazunguka pamoja, kama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja.

"Mama, hesabu na hii," alisema kwa upole. "Halafu hii. Halafu hii."

Akahesabu. Themanini na moja. Sitini na sita. Tisini.

"Zote tatu ni mbaya," Matroni alisema.

"Lakini angalia, Mama. Zinatembea pamoja. Saa tatu haiwezi kosea pamoja."

"Zimetoka kiwanda moja. Zimefunzwa uongo na mwalimu mmoja."

Mwenye duka alicheka, kisha akanitazama, na kicheko kikamwisha usoni. Nikajua kwamba yeye naye amejua. Niliitazama ile mishale mitatu ikipanda na kushuka bila kupishana hata kidogo. Kulikuwa na kitu kimoja tu pale mezani ambacho hakikuwa kikienda sawa, na hakikuwa juu ya mahameli.

Tulipotoka alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani. Tulipita kwa wachuuzi waliopanga saa za bei rahisi kwenye mbao, akazitazama kwa huruma. "Siku hizi hakuna kitu inatengenezwa vizuri," alisema. Nikamjibu, "Ndiyo, Matroni." Ile ndiyo imenikaa kooni hadi leo.

Nilikaa na siri hiyo majuma matatu. Niliogopa. Utamwambia nini mtu aliyeisoma mishipa ya maelfu, wewe uliyefundishwa kwenye shingo ya kuku? Tangu shuleni nilikuwa nimesikia kwamba mganga hajigangi, na sikuwahi kufikiria kwamba siku moja mganga huyo atakuwa mtu ninayekaa naye kiwanja kimoja, wala kwamba wa kumwambia nitakuwa mimi. Kila asubuhi nilijiambia nitasema jioni. Kila jioni alionekana mzima, akiwapigia kuku wake mluzi, nami nikasema kesho.

Jumapili moja tulikuwa tunamenya minji, njegere za kijani, kwenye ngazi. Nikaitoa mfukoni saa ya mwisho aliyoikataa; mwenye duka alikuwa amenipa nikae nayo. Nikafanya alivyonifundisha. Nikaiweka kwenye ngazi, nikahesabu moyo wangu dakika nzima, nikamwambia namba. Nikahesabu tena kwa ile yangu ya chuma. Namba ile ile.

"Saa hazina makosa, Matroni," nilisema. "Tafadhali nenda hospitali."

Aliendelea kumenya. Maganda yalianguka moja moja kwenye kapu.

"Kwa hivyo wewe ndiye daktari sasa," alisema.

"Hapana, Matroni."

"Nipe hiyo bakuli."

Nikampa, akaingia ndani. Tangu siku ile hakunisalimia. Alizungumza na kuku kwa sauti kubwa nilipopita, ili nisikie kwamba yupo na haniambii mimi. Majuma machache baadaye gari la binti yake lilikuja, likamchukua yeye na kabati lake la vioo, na kiwanja kikabaki na mtunzaji asiyejua kitu. Nilimsikia mtu akisema amepelekwa kukaa Spring Valley. Mimi nikahamia Kangemi. Miaka miwili sikujua kama alikwenda hospitali, na kila Julai nilipopita kwenye ile njia ya maduka sikutazama dirishani.

Binti yake ndiye aliyenipigia simu. Alisema mama yake ananitaka, na kwamba nisishtuke nikimwona. Nilikwenda Jumamosi alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha na kukoma, na barabara za huko chini ya miti zilikuwa kimya, zinang'aa, maji yakitiririka pembeni bila haraka. Binti alinifungulia mlango, na kabla hatujafika barazani alinisimamisha ukumbini.

"Unajua alienda hospitali siku tatu baada ya nyinyi kukosana?" alisema. "Alienda peke yake. Akamwambia daktari ametumwa na daktari wake. Akaulizwa daktari gani. Akasema ni mpangaji."

Nikauliza kilichompata.

"Moyo ulikuwa unapiga ovyo. Akapewa dawa, akaendelea vizuri. Kisha mwaka jana akapata kiharusi, kidogo tu. Walituambia angechelewa kupata hizo dawa, tungekuwa tumemzika."

Sikumuuliza kuhusu majuma yangu matatu. Mpaka leo sijamuuliza mtu.

Matroni alikuwa barazani, blanketi magotini, akitazama ukungu ukipanda kutoka kwenye nyasi. Alikuwa amepungua. Hakugeuka.

"Umechelewa," alisema. "Chai imepoa."

Nikamwamkia, nikakaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya blanketi, umegeuka kidogo, kama kitu alichowekewa hapo na mtu mwingine. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa amevaa ile saa ya rangi ya dhahabu, ya kabatini. Ilikuwa inatembea, mtu alikuwa ameitia betri. Mwanga wa baada ya mvua ulikuwa umekaa juu ya uso wake mweupe, na ilikuwa nzuri kuliko nilivyoikumbuka, nzuri kuliko ile ya rangi ya maziwa niliyoililia ujanani.

"Ni mzuri, si ndiyo?" alisema. "Nilikuwa naipangusa tu. Sikuwa nimeiangalia."

"Na ile ya kifuani, Matroni?"

"Niliitoa kwa mkebe, nikaiomba msamaha." Akalivuta blanketi. "Wewe sikujua nitakuombaje."

Nikamwambia asiniombe, kwamba mimi ndiye wa kuomba, kwamba nilijua majuma matatu na sikusema. Nililia, sikuona haya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo geni kwake, kisha akautazama mkono wake wa kulia.

"Hizi vidole zimelala," alisema. "Naweka hapa, sisikii kitu. Wananipima na mashine, inalia pii, wanaandika. Hakuna mtu ananiambia namba." Akaunyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwangu, akaupitisha juu ya kikombe kilichopoa. "Haya, daktari. Yangu haina sekunde. Tumia yako."

Nikaisukuma ile saa ya dhahabu juu kidogo, nikaweka vidole viwili. Sikutumia kidole gumba. Sikufinya. Niliweka tu, nikangoja. Mshale wangu mwekundu ulipofika juu nikaanza.

Ilikuwa dakika ndefu. Mapigo yalikuja mawili yakisukumana, kisha hakuna, kisha moja zito, kisha matatu madogo yakikimbilia kitu. Mtu anayejua njia ya kwao alikuwa amepotea na bado alikuwa anatembea. Ndege mmoja alilia kwenye ua. Matone yalidondoka kutoka kwenye paa, nami nikayaacha, nikashika yale ya chini ya ngozi tu. Katikati ya dakika nilijua kwamba namba sabini na mbili iko tayari mdomoni mwangu, na kwamba nikiisema atafurahi, na hakuna mtu atakayeumia. Nikaendelea kuhesabu. Mshale ukarudi juu.

"Ngapi?" aliuliza.

"Themanini na tisa," nilisema. "Na hayafuatani."

Alifumba macho, kama alivyofumba zamani akiitia saa yake ufunguo. Kisha akayafumbua, akautazama mkono wangu, ile saa ya chuma iliyochubuka pembeni, zile namba zote kumi na mbili.

"Basi hiyo saa yako haina makosa," alisema Matroni.